Dawa Inafubaza Virusi, Tumbo Nalo Tulilinde

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo na wananchi wengine wa vijiji vya pwani ya Bagamoyo. Tumeyaandika ili aliyekosa kuyasikia ayasome, na aliyeyasikia akawasomee wenziwe nyumbani.)



Leo hatukuja kuwaeleza jinsi UKIMWI unavyoambukizwa. Hayo mmekwisha yasikia miaka mingi, na wengi wenu mnaweza kutufundisha sisi. Leo tunazungumza habari ya tumbo. Hasa tunazungumza juu ya utumbo wa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, yaani VVU, ambaye tayari anatumia dawa.

Mtatuuliza, kwa nini tumbo? Zipo sababu mbili. Sababu ya kwanza, wenzetu wengi katika ukanda huu, toka Mapinga na Kerege mpaka Kaole, Makurunge na Saadani, wanameza dawa kila siku. Wanapima, wanaambiwa virusi havionekani. Hata hivyo baadhi yao wanaharisha mara kwa mara, wanakonda, wanachoka upesi. Majirani wanasema, "Huyu hamezi dawa." Kumbe anameza. Sababu ya pili, wapo wanaoacha dawa kwa ajili ya hilo hilo tumbo. Kuacha huko ndiko kunakoua.

Basi tuelewane tangu mwanzo. Jambo tunalotaka mwondoke nalo leo ni hili: dawa inafubaza virusi, lakini ukuta wa utumbo uliobomolewa na virusi unapona polepole. Mwenye kutumia dawa asiache dawa, na tumbo lake asilipuuze. Na sisi tunaokaa naye tunayo kazi, maana kisima ni chetu sote na choo ni chetu sote.

TULIKOTOKA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile hapakuwa na dawa. Wagonjwa wengi waliharisha miezi na miezi, wakakonda wakabaki mifupa. Ndiyo maana katika nchi jirani ya Uganda watu waliuita ugonjwa huu "silimu", kwa kuwa ulimkausha mtu. Mnaona? Tangu zamani ugonjwa huu ulijionyesha tumboni.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Kwanza zilitolewa kwa wale waliokuwa wamekwisha dhoofu. Tangu mwaka 2016 mpango ni kwamba kila anayepimwa na kuonekana ana VVU aanzishiwe dawa, asingoje kuugua. Tangu mwaka 2019 watu wazima wengi wanapewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa 3 ndani yake.

Matunda tumeyaona. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100, watu 4 hivi wana VVU. Na kati ya kila watu 100 wanaotumia dawa, watu 94 virusi vyao vimefubazwa. Hayo ni mafanikio makubwa. Watu waliokuwa wamelala kitandani leo wanalima, wanavua, wanasuka makuti na kulea wajukuu. Lakini kazi haijaisha, na sehemu iliyobaki tunaikuta utumboni.

UTUMBO NI KAMA KIFUMBU

Hebu tuwaulize mama zetu. Unapokamua nazi, unatumia nini? Kifumbu. Nazi iliyokunwa inakaa ndani, unakamua, tui linapita na machicha yanabaki. Kifumbu kizuri kinajua cha kupitisha na cha kuzuia. Kikitoboka je? Machicha yanaingia kwenye tui, na mchuzi unaharibika.

Utumbo wetu unafanya kazi kama ya kifumbu. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, umekunjwakunjwa ndani ya tumbo. Chakula kikisha kusagwa, virutubisho vinapita katika ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Uchafu unabaki ndani, unashuka na kutoka chooni.

Ndani ya utumbo, hasa utumbo mpana, wanaishi pia wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wataalamu wanawaita bakteria. Wengi wao si adui. Wanatusaidia kuvunjavunja chakula na wanawazuia wadudu wabaya wasipate nafasi. Lakini mahali pao ni mle mle ndani ya utumbo. Wakipenya kuingia kwenye damu, ni matatizo.

Ukuta unaowazuia ni mwembamba ajabu. Kwa upande wa ndani ni tabaka moja tu la chembe hai zilizopangwa bega kwa bega. Chembe hizo zinachakaa na kubadilishwa upya kila baada ya siku chache. Kwa kuwa ukuta ni mwembamba, mwili umeweka ulinzi mkali nyuma yake. Askari wengi wa mwili wanakaa katika utumbo. Si ajabu, kwani adui wengi wanaingia kwa njia ya mdomo, pamoja na maji na chakula.

VVU WANAPIGA UTUMBO KWANZA

Sasa sikilizeni vizuri. Virusi vya UKIMWI vinawatafuta askari wa aina moja wanaoitwa CD4. Hao ndio makamanda, ndio wanaowaamrisha askari wengine. Na makamanda hao wamejaa wapi? Katika utumbo.

Kwa hiyo mtu akiambukizwa, hata kama virusi viliingia kwa njia ya ngono au ya damu, katika majuma machache ya kwanza askari wengi sana wa utumboni wanauawa. Mtu mwenyewe bado ana nguvu. Anacheza mpira, anabeba magunia. Pengine alipata homa ya siku chache tu akadhani ni malaria. Kumbe ndani, ngome imekwisha vunjwa.

Askari wakiisha, ukuta nao unadhoofika. Kifumbu kinatoboka. Vipande vya bakteria vinapenya na kuingia kwenye damu. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, wakiwemo Jason Brenchley na Daniel Douek, walitangaza kuwa wamevikuta vipande hivyo kwa wingi katika damu ya watu wenye VVU.

Na vikiingia vinaleta nini? Vinaufanya mwili ukae katika hali ya hatari wakati wote. Ni kama kijiji ambacho ngoma ya mgambo inapigwa usiku na mchana. Siku ya kwanza watu wote watatoka na marungu. Siku ya pili watatoka. Lakini ikipigwa mwezi mzima, watu watachoka, hawatalala, mashamba yatabaki bila kulimwa, na siku adui wa kweli akija watakuwa hawana nguvu. Ndivyo mwili unavyochoka. Baada ya miaka mingi uchovu huo unaharibu hata moyo na mishipa ya damu.

DAWA INAFANYA NINI

Dawa za kufubaza virusi zinavizuia virusi visizaliane. Virusi vikiwa havizaliani, askari wapya wanapata nafasi ya kukua, na ukuta wa utumbo unaanza kujijenga. Kuharisha kunapungua, uzito unarudi. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, akaendelea kumeza dawa vizuri, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa.

Lakini kupona huko hakwendi sawa mwili mzima. Askari walio kwenye damu wanaongezeka mapema zaidi. Askari wa utumboni wanarudi polepole, na kwa watu wengi hawarudi wote. Ukuta unazibika sehemu kubwa, lakini tundu ndogo ndogo zinaweza kubaki hata baada ya miaka. Wapo wenzetu ambao virusi havionekani lakini CD4 zao bado ni chache. Mara nyingi ni wale waliochelewa kuanza dawa.

Nyumba ya udongo iliyokandikwa upya mara tu ilipoanza kumomonyoka itadumu. Ile iliyoachwa mpaka boriti zikaoza, hata ukiikandika itabaki na nyufa. Kwa hiyo anayepima mapema na kuanza mapema anauokoa ukuta wake. Uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi 35, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa walioanza dawa mapema walipata magonjwa makubwa na vifo chini ya nusu ya wale waliongojeshwa.

HABARI YA HAPA HAPA BAGAMOYO

Pengine mtasema hayo ni mambo ya Ulaya. La. Hapa mjini Bagamoyo ipo Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wamefanya kazi kubwa ya kupima chanjo za malaria. Katika kazi moja walipima chanjo ya malaria kwa watu wazima wa Tanzania waliojitolea. Baadhi hawakuwa na VVU. Wengine walikuwa na VVU lakini wanaendelea vizuri kabisa: virusi havionekani na CD4 zaidi ya 500. Baada ya kuchanjwa, baadhi yao waliingizwa vimelea vya malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi wa madaktari, ili ionekane kama chanjo inazuia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Chanjo haikuwadhuru watu wa kundi lolote. Kati ya watu 5 wasio na VVU waliochanjwa, ni mtu 1 tu aliyepata vimelea. Kati ya watu 4 wenye VVU waliochanjwa, wote 4 walipata.

Watu hao ni wachache, na utafiti ule haukusema kuwa utumbo ndio uliosababisha. Tusiongeze chumvi. Lakini unatufundisha jambo moja kubwa. Mtu anaweza kuwa na virusi visivyoonekana na hesabu nzuri ya CD4, na bado askari wake hawajawa hodari kama wa mtu asiye na VVU. Kwa hiyo akisema "mwili wangu haujarudi sawasawa," tusimcheke. Anasema kweli.

CHUPA ZA KUSAFISHA TUMBO

Ipo hatari nyingine. Mahali penye tatizo la kweli, mfanyabiashara mjanja hakosi kufika.

Mwenzetu mmoja, mvuvi, alikuwa akimeza dawa miaka 6. Msimu wa masika alianza kuharisha, ikapita wiki 3. Mtu mmoja mnadani akamwambia, "Hizo dawa zako ndizo zinazokuchoma utumbo. Ziache. Kunywa hii chupa, inasafisha tumbo na inapandisha CD4." Akanunua chupa 4. Pesa aliyolipa ingemtosha kununua wavu. Akaacha dawa za kliniki.

Miezi 3 baadaye nduguze walimbeba. Alipopimwa, virusi vilikuwa vimejaa tena, na ule ugonjwa wa kuhara uliokuwa unatibika kwa dawa ya siku chache ulikuwa umemmaliza maji mwilini. Alitibiwa, akarudishwa kwenye dawa, na leo yupo hai. Lakini hajawa na nguvu za kuvuta jarife kama zamani. Anashona nyavu za wenziwe pwani.

Je, ni kweli kwamba kupumzika dawa ni salama? Jambo hilo lilipimwa. Watu zaidi ya 5,000 katika nchi 33 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walimeza dawa mfululizo. Kundi la pili walipumzishwa dawa kila CD4 zao zilipokuwa nyingi. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2006 kabla ya muda wake, kwa sababu waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi ya mara 2 kuliko wenzao. Virusi vikiamka, vinapiga tena pale pale utumboni.

Tunasema wazi: hakuna chupa, mzizi, wala unga unaoweza kushika nafasi ya dawa za kufubaza virusi. Anayekuambia uache dawa anakuuza.

MTINDI WA MWANZA

Basi chakula hakisaidii? Kinasaidia, lakini tukijue kwa kipimo chake. Tuwape mfano wa mbali kidogo, ila ni wa nchi yetu.

Mwaka 2004 huko Mabatini, Mwanza, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wazuri waliochaguliwa. Walisaidiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Watu wenye VVU waliupata mtindi ule. Mwaka 2010 ulitoka utafiti ulioonyesha kuwa waliokunywa mtindi walikuwa na CD4 zinazoongezeka. Watu wakafurahi.

Lakini wataalamu hawakuishia hapo. Pengine waliokunywa mtindi walikuwa pia wakila vizuri zaidi, nani ajuaye? Wakafanya utafiti mwingine huko huko Mwanza kwa njia ya kupiga kura, nusu wapewe bakteria wazuri na nusu wasipewe. Safari hii, katika hesabu ya CD4, tofauti haikuonekana.

Tunajifunza nini? Mtindi ni chakula kizuri, una protini na unalainisha tumbo. Kikundi cha akina mama kilifanya kazi ya kusifiwa. Lakini mtindi ni chakula, si dawa ya VVU. Mtu akikuuzia mtindi kwa bei ya dawa, mwambie habari ya Mwanza.

SASA TUFANYE NINI

Ndugu wananchi, sasa tuingie kwenye kazi. Mambo ni 6.

1. Dawa kila siku, saa ile ile. Tumbo likikusumbua, usiache dawa. Nenda kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC, ueleze. Kama dawa yenyewe ndiyo inayokusumbua, wahudumu wanaweza kukubadilishia. Waambie pia kama unatumia dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu. Baadhi ya hizo, ukizimeza pamoja na dawa yako, zinaipunguza nguvu. Watakupangia saa. Na siku ya kupima wingi wa virusi usiikose.

2. Maji. Visima vingi vya pwani ni vifupi, na wakati wa masika maji ya juu yanashuka na uchafu wote. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tia dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Yaweke katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mikono na vikombe visichovywe ndani. Jambo hili si dogo. Huko mashariki ya Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watu wenye VVU waliotibu maji yao nyumbani na kuyahifadhi vizuri walipunguza kuhara kwa robo. Yaani mtu ambaye angeharisha mara 4, aliharisha mara 3. Hiyo ni klorini ya bei ndogo na ndoo yenye bomba tu.

3. Choo na mikono. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Somo lile halijazeeka. Mpaka leo wapo wanaokwenda ufukweni alfajiri na kuacha kinyesi mchangani. Maji yakijaa, yanakichukua. Dagaa wetu tunawaanika wapi? Tuchimbe vyoo, tuvifunike, tunawe kwa sabuni.

4. Minyoo na kuhara. Safura, ile minyoo inayopenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu, inashika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mtu ambaye ukuta wake tayari ni dhaifu haihitaji kabisa. Tuvae viatu shambani na chooni, na tuulize zahanati juu ya dawa ya minyoo. Mtu akiharisha, anywe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini: pakiti moja katika lita moja ya maji salama. Mtoto apewe na vidonge vya zinki. Akiona damu kwenye choo, au ana homa, au macho yamezama na mkojo umekauka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kuhara kukifika siku 14, hata kama ni kidogo kidogo, akapimwe. Asinunue dawa za kubahatisha dukani. Kwa mtu mwenye VVU kuhara kwa muda mrefu kunaweza kuwa na vyanzo vingi, hata kifua kikuu cha tumbo, na kila kimoja kina dawa yake.

5. Chakula. Hatuhitaji chakula cha mbali. Tunao samaki na dagaa, kunde na choroko, mchicha, matembele na kisamvu, maembe na mapapai. Ugali wa dona una makapi yanayowalisha bakteria wazuri kuliko unga mweupe wa sembe. Samaki aive. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywa au kugandisha. Matunda yaoshwe kwa maji salama. Pombe inauchoma ukuta wa utumbo na kumsahaulisha mtu dawa yake. Aliye kwenye dawa ni bora aiepuke.

6. Mfungo. Watu wengi wa pwani wanafunga Ramadhani, na swali hili tunaulizwa kila mwaka. Kwa anayemeza kidonge kimoja kwa siku na hali yake ni nzuri, saa ya dawa inaweza kupangwa iwe ya futari au ya daku. Azungumze na mhudumu kabla ya mwezi kuandama, na akisha panga, asibadilibadili. Ila aliyeshikwa na kuhara ni mgonjwa, anahitaji maji, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Asijidhuru kwa kuona haya.

KAZI YA KIJIJI

Tumemaliza yanayomhusu mtu mmoja. Lakini mtazameni huyo mwenzetu. Anameza dawa yake kwa siri saa 2 usiku. Hajakosa hata siku moja. Asubuhi anachota maji katika kisima kile kile ambacho ng'ombe wanakinywea na mvua inakijaza tope. Je, afanye nini peke yake? Kidonge hakiwezi kuchimba choo cha jirani.

Tena wapo wanaomkataza mwenye VVU asitumie choo chao. Huo ni ujinga, na sisi tuliojifunza kusoma tusiwe nao. VVU haviambukizwi kwa choo, kwa sahani, kwa kikombe wala kwa kulala chumba kimoja. Ukimfukuza chooni, unampeleka ufukweni au kichakani, na kinyesi kile kitarudi kwako kwa njia ya maji. Basi nani umemkomoa?

Na tukisafisha kisima, hatuhitaji kujua nani ana VVU na nani hana. Hatutauliza jina la mtu. Mtoto mchanga atapona, mama mjamzito atapona, mzee atapona, na yule anayemeza dawa kwa siri atapona pamoja nao bila kunyooshewa kidole.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kijiji kiliweke jambo hili katika mkutano wake kabla ya masika. Kisima kijengewe ukingo na kifuniko. Mifugo iwe na mahali pake pa kunywea. Kila kaya ionyeshe choo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe nafasi ya kusema dakika chache katika kila mkutano, maana yeye ndiye anayejua nani amekosa kwenda kliniki na atamfuata kwa staha, bila kutangaza.

Dawa ni kazi ya anayeimeza. Maji safi ni kazi yetu wote. Kifumbu kilichotoboka kinashonwa uzi mmoja mmoja, na hakuna sababu ya kukitoboa tena kwa maji machafu.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu ambaye virusi vyake havionekani anaweza bado kusumbuliwa na tumbo?
2. Mwenzako anakuambia anataka kuacha dawa kwa sababu anaharisha. Utamwambia nini, na utampeleka wapi?
3. Hesabuni vyoo katika kitongoji chenu. Ni kaya ngapi hazina? Zinaweza kusaidiwaje kabla ya masika?
4. Kisima mnachokitumia kina kifuniko? Nani ana wajibu wa kukitunza?
5. Habari ya mtindi wa Mwanza inatufundisha nini juu ya dawa zinazouzwa mnadani?